SOMO LA AFYA: HATARI ZINAZOKUA PAMOJA NA MTOTO

Hapa kwetu Kinondoni mtoto akinenepa twafurahi na kusema, "Amenawiri!" Jambo hilo lina sababu yake, kwani wazee wetu waliwazika watoto wengi kwa utapiamlo na surua. Lakini unene uliopita kiasi si afya, na yatupasa tujue kwa nini.

Zamani ilidhaniwa kwamba shinikizo la damu, kisukari na ugonjwa wa moyo ni maradhi ya wazee tu. Mapema katika miaka ya 1970 Daktari Gerald Berenson alianza kuwapima watoto wa mji mdogo wa Bogalusa, Marekani, weusi kwa weupe, na wengi wakafuatiliwa hadi utu uzima. Yalionekana mambo matatu:

Kwanza, mtoto aliyewazidi wenzake uzito au shinikizo mara nyingi aliendelea kuwazidi hata ukubwani.

Pili, hatari hizo hazikuja moja moja. Zilikuja kwa kundi: unene, shinikizo, sukari na mafuta mabaya katika damu.

Tatu, vijana waliofariki, wengi wao kwa ajali, walipochunguzwa, wenye hatari nyingi walikutwa na mafuta mengi zaidi katika mishipa ya moyo. Nao hawakuwa wamelalamika kuumwa.

Kwa nini hatari hizi huandamana? Mafuta yakijaa tumboni, mwili huanza kuikaidi insulini, ambayo kazi yake ni kuiondoa sukari katika damu. Kongosho hutoa insulini zaidi. Hiyo ikizidi, figo hushika chumvi na shinikizo hupanda. Ini nalo humwaga mafuta katika damu. Wakati wa kubalehe ukaidi huo huongezeka kwa kila mtoto, basi anayeingia hapo akiwa mnene hubeba mzigo mara mbili.

Uchunguzi wa mwaka 2012 nchini Tanzania, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba kama mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kama 9 katika kila 100 kisukari. Hao nao walikuwa watoto.

Basi tufanye nini?

1. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Iwe ya sikukuu. Kila siku tunywe maji.

2. Mtoto wa shule acheze angalau saa moja kila siku. Viwanja vingi vimekwisha jengwa nyumba, kwa hiyo tuwaachie ua wa kanisa baada ya Shule ya Jumapili, wacheze mpira, rede na kamba.

3. Chukua uzi wenye urefu sawa na wa mtoto, ukunje katikati, umzungushe kiunoni. Usipofika, mpeleke akapimwe.

4. Tusimwite "bonge" wala kumnyima chakula. Nyumba nzima ile pamoja mchicha, maharage na dagaa, na chipsi zipungue kwa wote.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
(a) Watoto wetu hunywa nini shuleni?
(b) Huchezea wapi?
(c) Sisi wazazi tumepima shinikizo lini?

Tuanze na swali la mwisho, maana mtoto hufuata mguu wa mzazi.