Kilima cha Mbomole na Mti wa Ugenini

Wasomaji wa gazeti letu, wengi wenu hamjapata kufika Amani, ingawa maji mnayooga kila alfajiri hapa shuleni yanatoka upande huo. Mto Zigi huanzia katika milima ya Usambara ya Mashariki, hushuka hadi bwawa la Mabayani, na toka hapo maji huletwa Tanga mjini kwa mabomba. Likizo ya Juni nilikwenda huko kwa matembezi tu, nikarudi na somo ambalo sikulitafuta.

Tulikuwa watatu: babu yangu mzaa baba, mdogo wangu wa kike ambaye yuko darasa la pili, na mimi. Njia hutoka Muheza ikafika Sigi, palipokuwa mwisho wa reli ndogo ya Wajerumani, kisha hupanda kwa kona nyingi ndani ya msitu hadi Amani. Hapo Wajerumani walianzisha mwaka 1902 kituo cha kuchunguza mimea, wakaotesha miti ya kila namna kutoka pande nyingi za dunia, pamoja na ule utoao kwinini. Tangu mwaka 1997 msitu huo ni hifadhi ya mazingira asilia, na mgeni hulipa kiingilio kabla ya kuingia.

Kilima cha Mbomole kiko karibu na Amani, nacho kina kimo cha karibu mita 1,000. Mtoto wa miaka minane hukipanda bila kubebwa, mradi apumzishwe mara kwa mara. Tuliona mbega wakiruka juu ya vichwa vyetu, na kinyonga dume mwenye pembe tatu ambaye mdogo wangu alikataa kabisa kumwacha. Siafu nao tuliwaona, au tuseme wao ndio walioniona mimi kwanza.

Mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha kwamba ukipanda mita 1,000 baridi huongezeka kwa nyuzi sita hivi. Niliandika jibu hilo katika mtihani nikapata alama, lakini nalisadiki sasa, kwa sababu nilikwenda bila sweta. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukakutana na milima, ukapanda na kupoa, nao unyevu ukawa ukungu na mvua. Amani hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tena majani ya miti mirefu hunasa ukungu, na matone yake hudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Tulilowa mabega chini ya miti, na tulipotoka penye uwazi tukaona hakuna mvua hata kidogo.

Njiani mdogo wangu aliisifu miti fulani mirefu, iliyonyooka, iliyojaa kila upande. Babu akasema, "Hiyo si ya hapa. Hiyo ni migeni." Sikumwamini, maana ilionekana kama wenyeji wenye nyumba. Kumbe ni kweli. Wataalamu huuita mti huo Maesopsis eminii, na Waganda huuita musizi. Kwao ni magharibi, Uganda na hata Kagera kwetu, wala si Usambara. Uliletwa Amani ili uchunguzwe, ukakua vizuri mno.

Tulipofika kileleni tuliketi juu ya jiwe tukala mihogo. Nilitafuta bahari sikuiona, ukungu ulikuwa umefunika nchi tambarare yote. Lakini migongo ya milima ilionekana, mmoja nyuma ya mwingine. Babu alinyosha fimbo upande wa Kwamkoro, akasema, "Kule ndiko nilikokata."

Hapo lazima niwakumbushe jambo. Katika mdahalo wa muhula uliopita nilisimama mbele ya shule nzima nikasema kwamba watu waliokata msitu wa Usambara hawakuwa na akili wala huruma. Mlinipigia makofi. Sikujua kwamba katika ujana wake babu alikuwa mkata magogo wa kiwanda cha mbao, hata ukataji huo ulipokomeshwa katika miaka ya 1980.

"Babu, ulikata miti mingapi?" mdogo wangu akauliza.

"Kuhesabu ilikuwa kazi ya karani," akajibu.

Nikamweleza habari za mdahalo, maana niliona aibu kunyamaza. Hakukasirika. Alitafuna muhogo wake hata akaumaliza, kisha akasema, "Vibali vilikuwa na mihuri, mjukuu wangu. Na baba yako alivaa viatu vya shule." Nilikosa la kujibu, na hata sasa ninapoandika sina.

Ndipo akatueleza jinsi ilivyokuwa, na naona maelezo yake yanapita yale niliyoyasema mdahaloni. Mtambara ni mti mkubwa wa huko, jamaa ya kungumanga. Ukiangushwa hauanguki peke yake. Huvunja wenzake njiani, halafu huja trekta kulivuta gogo, likaponda miche iliyobaki. Jua lisilowahi kufika chini likafika. Miche ya mtambara imezoea kivuli, nayo hukua polepole; musizi hupenda jua na hukua kwa haraka. Mingine ilipandwa na watu makusudi kuziba nafasi. Mingine iliotesha hondohondo, ambaye hula tunda lake hapa na kuiacha mbegu mbali kule.

Kwa hiyo mti ule uliletwa na mabwana wenye vitabu, mlango ukafunguliwa na babu yangu kwa msumeno, na ndege akaubeba asijue lolote. Nikiitwa tena kwenye mdahalo sitasema kwamba kukata kulikuwa kwema, la hasha. Lakini nitaliondoa lile neno "hawakuwa na akili."

Wakati wa kushuka babu alitembea nyuma yetu sana. Nilirudi kumtazama nikadhani amechoka. Nikamkuta ameinama kando ya njia, anaondoa tawi lililoanguka juu ya mche mdogo, kimo cha magoti yangu. Nikamwuliza ni mche gani. "Mtambara," akasema, akanipa fimbo nimshikie, akaendelea na kazi.

Wenzangu mtakaopenda kwenda likizo ya Desemba, njooni mnione bweni la pili. Chukueni sweta, viatu vilivyofungwa vizuri, na chakula cha mchana. Babu amekubali kutuongoza, ila amesema hatapanda na watu wenye haraka.