Ramani ya Mikoko: Uliza Mwezi Kabla ya Kuuliza Wingu

Nina kinyongo na muuzaji mmoja wa picha za setilaiti, na leo nakitoa. Tulikuwa tunachora ramani ya aina za mikoko katika Ghuba ya Gazi, Kwale, naye akatuuzia picha ya bei mbaya, kali kiasi cha kuhesabu madau yaliyofungwa ufuoni. Tukaifungua. Ukanda wa mlilana, ile aina ya mikoko inayotazama bahari, mweusi tii. Kompyuta ikauandika "maji". Nikampigia simu. "Lakini haina wingu hata moja, kaka," akanijibu, kana kwamba mikoko huota mawinguni. Pesa hazikurudi.

Basi hizi hapa hatua zangu tatu, usije ukamtajirisha na wewe.

Ya kwanza ni picha. Chukua za Sentinel-2: ni za bure, pikseli yake ni mita 10, na zipo tangu 2015. Landsat yenye mita 30 inafaa kulinganisha na miaka ya 1980, lakini ukanda mwembamba wa mlilana huishia ndani ya pikseli moja. Na programu ya kulipia leseni kila mwaka sioni ni ya nini, QGIS ya bure ikiwepo.

Sasa picha ya siku gani? Miongozo mingine itakuambia uchuje mawingu, basi. Bamvua haitajwi. Sentinel-2 kila ijapo pwani yetu huja saa ileile, mnamo saa nne na nusu asubuhi. Na mtu wa pwani hafundishwi hili: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, ndiyo bamvua, maji hujaa mnamo saa kumi na hupwa mnamo saa nne. Kwa hiyo siku za bamvua setilaiti hupita juu ya tope tupu. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, hukuta maji yamepanda. Majani hurudisha miale ya infraredi, maji huimeza. Mlilana uliosimama mbalimbali ukizungukwa na maji, pikseli yake hufanana na ya mkondo. Mkoko wenyewe, ile aina yenye jina hilo, uliosongamana, haujali sana kwa sababu majani yamefunika kila kitu. Ndiyo maana ramani mbovu hupendeza katikati na kuoza ukingoni.

Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza ni kalenda ya Kiislamu ya ukutani, zile za kugawiwa dukani zenye tarehe mbilimbili. Picha ikiangukia tarehe 1 hadi 3 za mwezi mwandamo, au 15 hadi 18, naibakiza. Halafu natazama jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini. Wingu huja mwisho. Setilaiti za Sentinel-2 zikipokezana hupita kila baada ya siku 5, hivyo katika kila picha tatu, moja kwa kawaida huwa karibu na bamvua. Tukairudia Gazi kwa picha ya bure ya Januari, kaskazi imetulia, maji yamekupwa: mlilana ukajitokeza wote. Nikamtumia muuzaji ramani zote mbili. Kimya.

Hatua ya pili ni kuingia topeni kuchukua pointi za kuifunza kompyuta. Buti za mvua ziache nyumbani, tope litakuvua. Simama ndani ya kichaka cha aina moja, usisimame mpakani, maana GPS ya simu chini ya matawi hukosea mita kadhaa. Ukitatizika, angalia chini: mlilana hutoa mizizi minene iliyochongoka, mchu hutoa myembamba kama penseli, muia hukunja magoti.

Na huo mchu ni mtihani. Gazi unaota upande wa bahari, mrefu, na tena nyuma ya mkandaa karibu na nchi kavu, mfupi, penye chumvi kali. Mwenzetu mmoja, mtu wa ofisini, alishikilia kwamba pointi zetu za mchu wa baharini ni za kufuta. Tukampeleka. Alipokanyaga ile mizizi kwa makubazi yake mapya, mjadala ukaisha palepale. Ipe kompyuta mchu wa pande zote mbili.

Ya tatu, kupima usahihi, wengi wameieleza vizuri. Langu ni moja: pointi za kupimia zitoke ukingoni pia. Ukizichota zote katikati ya mkoko, asilimia zitapanda na mfadhili atafurahi, lakini ramani itabaki mbovu vilevile.