Sifuri Isiyo Sifuri: Wigo wa Uhakika wa Uwiano katika Uchunguzi wa Matende na Mabusha

Kisiwa cha Songo Mnara, kusini mwa Kilwa Kisiwani, hujulikana ulimwenguni kwa magofu yake, ambayo pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Hata hivyo, kisiwani humo wamo pia watu walio hai, na pwani yao imeyajua matende na mabusha kwa vizazi vingi. Maradhi hayo husababishwa na minyoo ya filaria aina ya Wuchereria bancrofti, ienezwayo na mbu. Tanzania ilianza kugawa kingatiba dhidi yake katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000, kisha ugawaji ukaenea mikoa mingine. Dawa zitumikazo ni ivermectin na albendazole, na humezwa na jamii nzima mara moja kwa mwaka.

Swali gumu huja mwishoni: ni lini ugawaji usitishwe? Jibu lake hutegemea takwimu, hususan wigo wa uhakika wa uwiano.

Kutoka sampuli hadi jamii

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo tu, kwamba watoto 60 wenye umri wa miaka 6 na 7 wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka Songo Mnara na vijiji jirani vya Kilwa, wakapimwa damu, na 3 wakakutwa na antijeni ya minyoo. Uwiano wa sampuli ni 3 kwa 60, yaani asilimia 5. Namba hiyo ni kadirio tu. Lau wangechaguliwa watoto wengine 60, pengine wangepatikana 1 au 6. Kwa hiyo kadirio huambatanishwa na wigo, yaani kiwango cha chini na cha juu ambamo uwiano halisi wa jamii unatarajiwa kuwamo.

Uhakika wa asilimia 95 hueleweka vema kwa mfano wa mvuvi arushaye kimia juu ya jiwe lililo chini ya maji yasiyoonyesha kitu. Jiwe halihami, kinachobadilika ni mahali kimia kinapoangukia. Njia nzuri ya kukokotoa ni ile ambayo, ikitumika mara 100 kwa sampuli tofauti, hulifunika jiwe takriban mara 95. Asilimia 95 ni sifa ya mrushaji, wala si ya mrusho mmoja.

Kanuni ya darasani na kikomo chake

Kanuni ifundishwayo kwanza ni hii: uwiano huzidishwa kwa kijalizo chake (1 kutoa uwiano), jibu hugawanywa kwa idadi ya waliopimwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Matokeo huzidishwa kwa 1.96, yakajumlishwa na kutolewa katika uwiano.

Kwa watoto 3 kati ya 60, kanuni hiyo hutoa wigo wa kuanzia asilimia hasi 0.5 hadi 10.5. Asilimia hasi ya wagonjwa haipo duniani. Kasoro hii hutokea pale sampuli inapokuwa ndogo na ugonjwa kuwa adimu. Njia ya Edwin Wilson, iliyochapishwa mwaka 1927, hutoa wigo wa asilimia 1.7 hadi 13.7, nao una maana.

Pasipopatikana hata mmoja

Ichukuliwe sasa kwamba kati ya watoto 60 hakupatikana hata mmoja. Kanuni ya darasani husema wigo ni kutoka sifuri hadi sifuri, kana kwamba ugonjwa umekwisha kabisa. Hili ni kosa la hatari. Iwapo asilimia 2 ya watoto wote wa eneo wana antijeni, uwezekano wa kuwakosa wote katika sampuli ya 60 ni 0.98 kwa kipeo cha 60, yaani takriban asilimia 30. Sifuri hiyo yaweza kuwa bahati tu.

Hapa husaidia kanuni ya tatu: asipopatikana mtu yeyote, kikomo cha juu cha uhakika wa asilimia 95 ni 3 kugawanya kwa idadi ya waliopimwa. Kwa watoto 60, ni asilimia 5. Ili kikomo kishuke hadi asilimia 2, watahitajika watoto 150 wasio na antijeni.

Kiwango hicho hakikutajwa ovyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo kama ya pwani hii huwapima watoto wa miaka 6 na 7, na hupanga sampuli ili eneo lenye asilimia 2 au zaidi lisipate zaidi ya nafasi 5 katika 100 za kuruhusiwa kimakosa kusitisha kingatiba. Zanzibar ni funzo: ilianza ugawaji mwaka 2001, vimelea vikashuka mno katika vituo vya uangalizi, ugawaji ukasitishwa, kisha ikabainika kuwa maambukizi bado yapo na dawa zikarejeshwa.

Tahadhari moja yabaki. Hesabu hizi huchukulia kwamba kila mtoto ni shahidi wa peke yake. Watoto wa nyumba moja huumwa na mbu wale wale. Hivyo watoto 60 wa kitongoji kimoja hutoa taarifa pungufu kuliko 60 waliotawanyika, na sampuli huhitaji kuongezwa.

Zoezi

Watoto 300 wamepimwa, wala hakupatikana mwenye antijeni. Kikomo cha juu ni kipi, na je, kiko chini ya asilimia 2?

Jibu: 3 kugawanya kwa 300 ni asilimia 1, naam, kiko chini, mradi watoto hao walichaguliwa kwa bahati nasibu kutoka eneo lote.