KERIA YA GARI NA KITOVU CHA UZITO

Kibiti ni mji ulio kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Toka barabara hiyo iko njia iendayo Nyamisati, bandari ndogo katika delta ya mto Rufiji. Hapo wasafiri hupanda vyombo vya kwenda kisiwa cha Mafia. Mizigo yao huwa mingi: magunia ya mpunga, nazi, mikeka na matenga. Nafasi ndani ya gari haitoshi. Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye magari hufunga keria, yaani fremu ya chuma inayokaa juu ya paa ili kubeba mizigo.

Fundi anaweza kuunda keria imara sana na kuifunga juu ya Land Rover ya zamani. Hata hivyo, gari hilo laweza kupinduka katika safari ya kwanza. Kwa nini? Katika somo hili tutajifunza sababu yake.

Mtumbwi na jahazi

Watoto wa delta hufundishwa mapema kwamba wasisimame ndani ya mtumbwi. Akaaye chini huvuka salama. Asimamaye huuyumbisha mtumbwi, na pengine huupindua. Je, uzito wake uliongezeka aliposimama? La. Kilichobadilika ni mahali uzito huo ulipo.

Manahodha wa majahazi nao hulijua jambo hili. Chombo kisicho na shehena hutiwa mawe au mchanga chini kabisa. Mzigo huo huitwa farumi, nao hukifanya chombo kitulie majini.

Kitovu cha uzito

Kila kitu kina mahali ambapo uzito wake wote huwa kama umekusanyika. Mahali hapo huitwa kitovu cha uzito. Fikiri kwamba timazi imening'inizwa kutoka katika kitovu hicho. Timazi ikielekea ndani ya kitako cha kitu, kitu husimama. Ikielekea nje ya kitako, kitu huanguka. Kitako cha gari ni eneo lililo kati ya magurudumu yake manne.

Jaribio

Vifaa: kasha refu la karatasi ngumu, jiwe dogo, gundi, ubao, kipande chembamba cha mti, misumari na rula.

1. Gundisha jiwe ndani ya kasha, katikati ya upande wa chini. Funga kasha.
2. Pigilia kipande cha mti juu ya ubao ili kasha lisiteleze.
3. Simamisha kasha juu ya ubao, likigusa kipande hicho. Jiwe liwe chini.
4. Inua polepole ncha ya ubao iliyo upande wa pili wa kasha. Kasha linapoanguka, pima kimo cha ncha hiyo toka mezani.
5. Geuza kasha ili jiwe liwe juu. Rudia jaribio.

Umeona nini? Jiwe likiwa juu, kasha huanguka mapema zaidi. Kasha ni lile lile na jiwe ni lile lile, ila kitovu cha uzito kimepanda.

Hesabu ya gari

Tuseme gari lina uzito wa kilo 1,800, na kitovu chake kiko sentimeta 80 juu ya ardhi. Keria na mizigo yake vina uzito wa kilo 200, na kitovu chake kiko sentimeta 220 juu ya ardhi. Kitovu cha vyote pamoja ni:

(1,800 × 80 + 200 × 220) ÷ 2,000 = sentimeta 94

Mzigo huo ni sehemu moja ya kumi tu ya uzito wote, lakini umepandisha kitovu kwa sentimeta 14. Sasa gari likiinama kwa sababu magurudumu ya upande mmoja yamezama katika matope, litapinduka kwa urahisi zaidi. Vivyo hivyo likikata kona kwa kasi, kwa sababu mzigo ulio juu hutaka kuendelea mbele kwa njia iliyonyooka.

Kufunga keria

Fundi mwangalifu hufuata mambo haya:

(a) Huunda keria kwa mabomba membamba ya chuma, ili yenyewe isiwe nzito.
(b) Huifanya iwe fupi kwa kimo, ikae karibu na paa.
(c) Hushikiza miguu yake kwenye kingo imara za paa, pande zote mbili, wala si juu ya bati katikati. Bati jembamba hubonyea.
(d) Huweka mpira kati ya chuma na bodi. Bodi la Land Rover za zamani ni la alumini kwa sehemu kubwa. Chuma kikigusa alumini penye maji ya chumvi, alumini huliwa upesi. Hewa ya pwani ina chumvi.
(e) Hupaka rangi ya kuzuia kutu, kisha hukaza bolti na nati. Baada ya safari ya kwanza huzikaza tena, maana mtikisiko huzilegeza.
(f) Husoma kitabu cha gari ili ajue uzito ambao paa laweza kubeba.

Vitu vyepesi kama mikeka na matenga matupu viwekwe juu. Mpunga na nazi viwekwe ndani, sakafuni. Mtu asipande juu ya keria kamwe.

Maswali

1. Kitovu cha uzito ni nini?
2. Farumi huwekwa wapi katika jahazi, na kwa nini?
3. Katika hesabu ya hapo juu, mizigo ya keria ikipunguzwa hata keria na mizigo vikawa kilo 100, bila kubadili kimo cha kitovu chake, je, kitovu cha vyote kitakuwa juu ya sentimeta 94 au chini yake? Eleza.
4. Chunguza gari moja lenye keria kijijini kwenu likiwa limesimama. Je, limepakiwa vizuri? Toa sababu zako.