KUTAFUTA VIPANDE VYA KOMPYUTA ZA ZAMANI

Kila mmoja wetu amekwisha kuona fundi wa redio akikosa kipande. Anafungua redio nyingine iliyokufa, anakitoa mule. Watu wenye kutengeneza kompyuta za nyumbani za zamani wanafanya vile vile, lakini wao wako na shida zaidi, kwani vipande vingine hakuna kiwanda chenye kuvitengeneza tena.

Tushike mfano wa ZX Spectrum ya Sinclair. Ilitoka Uingereza mwaka 1982, ikaunganishwa katika kiwanda cha Timex kule Dundee. Ni mashini ndogo yenye vitufe vya mpira, na picha yake inaonekana juu ya televizio. Mwaka 1986 Sinclair aliuzia Amstrad kazi yake ya kompyuta, basi usifikiri kumwandikia mtengenezaji.

Ukifungua, utaona kwanza vipande vya kila mashini: kondensateri, transista, na kile cha 7805 chenye kushusha umeme mpaka volti 5. Hivi vinatengenezwa hata leo na bei yao ni ndogo. Ununue vipya tu. Kondensateri ya miaka 40 inaweza kuwa imekauka, hata kama ililala ndani ya sanduku bila kutumiwa.

Kisha kuna vile vilivyoenea sana zamani. Ubongo wa Spectrum ni chipu Z80 ya Zilog, iliyotoka mwaka 1976. Ni mwaka 2024 tu kampuni iliacha kupokea komande zake, kwa hiyo bado ziko nyingi. Chipu za kumbukumbu 4116 ziko nane. Hizo zilitumika vilevile ndani ya Apple II na TRS-80, basi usitafute Spectrum peke yake. Spectrum ya 48K iko na nyingine nane tena, na hapa Sinclair alifanya ujanja: alinunua kwa bei ndogo chipu za 64K zenye nusu moja mbovu, akatumia ile nusu nzima. Leo unaweza kuweka 4164 iliyo nzima mahali pake. Lakini angalieni, kuna wauzaji wenye kufuta jina juu ya chipu na kuandika lingine.

Kipande kigumu kupata ni ULA. Ferranti waliitengeneza kwa ajili ya Sinclair tu. Ndiyo inapanga picha, inasoma vitufe na kaseti. Ikikufa, utaitoa ndani ya Spectrum nyingine, ao utanunua ya kuiga ambayo mafundi wapenzi wanatengeneza siku hizi. Sisi hatupendi yule anayebomoa mashini nzima kusudi auze ULA yake. Atoe katika ile iliyovunjika kabisa.

Sasa sikilizeni neno ambalo limeharibia wengi. Chipu 4116 inataka umeme wa namna tatu: volti 12, volti 5, na volti 5 za chini ya sifuri. Ndani ya Spectrum hizi za mwisho zinatoka katika sehemu ndogo yenye transista TR4. Transista hiyo ikikufa, zile volti za chini ya sifuri zinapotea, na chipu zinaungua. Mtu anaona mistari juu ya televizio, anasema, “Kumbukumbu imekufa!” Anatafuta chipu mpya mwezi mzima, anaziweka, nazo zinaungua siku ile ile. Kumbe mwizi alikuwa bado nyumbani.

Basi, kabla ya kununua, shika kipimio cha umeme. Waya moja iguse mguu wa 16 wa 4116, ndiyo sifuri. Mguu wa 1 uonyeshe –5, wa 8 uonyeshe 12, wa 9 uonyeshe 5.

Zoezi: Mguu wa 9 unaonyesha 5, mguu wa 1 unaonyesha 0. Utatafuta kipande gani kwanza, na utakipata wapi?