Somo: Kufunika Usukani wa Baiskeli kwa Mpira Kabla ya Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho unapokaribia, wakazi wengi wa Nachingwea na Ruangwa hukagua minyororo, matairi na keria za baiskeli zao. Usukani husahaulika. Mipira yake ya kushikia ikishapasuka au kuchomoka, mwenye baiskeli huendelea kushika chuma kitupu. Chuma hicho kilicholowa jasho ndicho anachokitegemea anaposhuka mteremko wa changarawe akiwa na gunia nyuma, akielekea ghala la chama cha msingi kilicho chini ya RUNALI. Mkono ukiteleza hapo, vidole huikosa breki.

Mipira mipya ya dukani inafaa, mradi ibane. Mabomba mengi ya usukani yana kipenyo cha milimita 22 hivi, na mpira uliolegea huzunguka kiganjani hata kama ni mpya. Waendeshaji wa baiskeli za mashindano, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, hutumia utepe maalumu unaoviringishwa kuanzia ncha hadi karibu na katikati. Utepe huo si rahisi kuupata huku kwetu, lakini ufundi wa kuuviringisha tunaweza kuuazima.

Badala ya utepe, tutumie tyubu chakavu. Tyubu ya ringi 28 iliyozibwa viraka hadi basi haifai tena kubeba upepo, ila kwa kazi hii ni mali. Ipasue kwa urefu kwa mkasi, ondoa sehemu ya kujazia upepo, kisha osha unga mweupe ulio ndani. Kata kanda mbili, kila moja iwe na upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 70. Epuka sehemu yenye kiraka, kwani kiraka huachia ukanda unapovutwa. Tyubu ya pikipiki ni nene mno: hunenepesha usukani, na mwenye kiganja kidogo hushindwa kuifikia breki. Kitambaa nacho huonekana laini siku za mwanzo. Mwandishi wa somo hili alikitumia kwa miaka, akaja kukifungua na kukuta chuma kimeliwa na kutu, kwa sababu kitambaa hunywa jasho na kulihifadhi.

Kabla ya kuviringisha, piga msasa kutu yote, osha usukani kwa sabuni na uache ukauke kabisa. Mafuta ya injini na grisi ni adui wa mpira. Vikibaki hapo, ukanda utavimba na kulegea.

Anzia kwenye ncha ya bomba. Paka solusheni nyembamba kwenye chuma na kwenye mwanzo wa ukanda, subiri hadi isinate kidoleni, kisha bandika huku ukiacha sentimita moja ikining'inia nje ya ncha. Vuta ukanda kwa nguvu unapouzungusha, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Sababu ya kuanzia nchani ni ileile inayomfanya mwezekaji aanze kupanga makuti chini ya paa: safu ya juu huikalia ya chini. Mkono unapovuta kuelekea nchani wakati wa kupanda mlima, huteleza juu ya kingo bila kuzifumua. Ukanda upite juu ya usukani ukija upande wako, kisha uzunguke chini na kurudi mbele. Fanya hivyo pande zote mbili, kulia na kushoto. Mzunguko wa mwisho uache ukiwa umelegea kidogo, pitisha mkia wa ukanda chini yake, kisha vuta mpaka ubane, kama unavyofunga mzigo kwenye keria. Kata kinachobaki.

Sasa rudi kwenye ncha, mahali ambapo mafundi wengi huharakisha. Ile sentimita moja ikunje kuingia ndani ya bomba, kisha gongomea kizibo cha mti mgumu kilichochongwa kikabana. Gunzi la mahindi huoza, halitoshi. Bomba lililo wazi hukata kama kopo linavyokata duara la andazi. Mtoto akianguka usukani ukageuka, ncha hiyo humchoma tumboni na inaweza kujeruhi ini, bandama au utumbo huku ngozi ikiwa na alama ndogo tu, au isiwe na alama yoyote. Maumivu makali yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku. Mtoto aliyegongwa tumboni na usukani apelekwe kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyohiyo, na mhudumu aelezwe wazi kwamba aligongwa na usukani. Kizibo kikidondoka, baiskeli isipewe mtoto hadi kingine kiwekwe.

Baadhi ya wasafiri wa mwendo mrefu hupata ganzi kwenye kidole kidogo na cha pete. Chanzo ni mshipa wa fahamu unaokandamizwa chini ya kiganja. Safu ya pili ya mpira husaidia, lakini kubadili namna ya kushika kila baada ya muda husaidia zaidi.

Jambo la mwisho ni breki. Katika baiskeli zenye breki za fito za chuma, kama Phoenix za muundo wa zamani, ufito hupita sambamba na usukani. Ukanda uzunguke bomba peke yake. Ukiufunga pamoja na ufito, breki itakwama. Ukimaliza, bana breki zote mbili na uziachie: kila moja irudi yenyewe. Ikisita, fungua mizunguko iliyo karibu nayo na uanze upya. Kisha pakia gunia, sukuma baiskeli hatua chache na ubane tena, maana baiskeli tupu na yenye mzigo hazisimami sawa.