Sikiliza Mpaka Upande Uishe

Mdogo wangu wa Tangi Bovu, Mbezi Beach, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa kibarazani jioni, upepo wa bahari ukipita. Unasema rafiki yako alihamia Mpanda, na tangu hapo mnatumiana nyimbo mlizozipanga wenyewe kwenye flashi, kwa posta, pamoja na karatasi yenye majina ya nyimbo kwa mwandiko wa mkono. Sasa mwenzake mmoja wa huko, usiyemjua, naye anataka mbadilishane. Shangazi yako anaona mnapoteza hela ya stempu na simu zipo. Na linalokuuma zaidi: ulikesha siku mbili ukipanga, rafiki yako akajibu "nzuri", basi.

Kwanza, si utoto hata kidogo. Sisi tuliokulia Dar ya miaka ya 1980 tulipendana kwa njia hiyo. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zao nyingi hukuzikuta dukani. Ukitaka wimbo ukae kwako, unaunasa. Unakaa mbele ya redio kaseti, vidole juu ya vitufe, ukiomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa la mwanzo na jogoo wa jirani asiwike. Kaseti ya dakika 90 ilikuwa na dakika 45 kila upande, na nyimbo za bendi ya Mlimani Park, tuliyoiita Sikinde, hazikuwa fupi, kwa hiyo kuchagua kulikuwa kuumia. Ukiuweka huu, ule hauenei.

Nikusimulie langu. Mama mdogo aliishi Maskati, na kuandika hakupenda. Alituletea barua za sauti: upande A anazungumza, anatusalimia, anauliza kama mnazi wa uani umezaa, upande B taarabu aliyoinasa harusini. Mwaka mmoja shoga yangu alikuwa shule ya bweni, Tabora. Nilitaka kumpelekea nyimbo, kaseti tupu sina, hela sina. Nikachukua ile ya mama mdogo. Mtu alikuwa ameshavunja kile kipande cha plastiki cha juu ya kaseti ili isifutike, mimi nikaziba kitundu kwa selotepu, nikarekodi nyimbo tano za Mlimani Park juu ya sauti yake. Nikaitia kwenye bahasha ya khaki, nikaipeleka posta. Nyumbani sikumwambia mtu.

Baada ya wiki kadhaa kaseti ikarudi, na barua ndani. Shoga yangu aliandika kwamba nyimbo zilipokwisha hakuizima. Aliiacha izunguke. Kikapita kimya kidogo, kisha akasikia mwanamke mwenye lafudhi ya Unguja akiwaaga watoto mmoja mmoja, jina langu likiwa la mwisho. Akaona kaseti ile si yake kukaa nayo. Zilikuwa zimebaki kama dakika tisa. Mama mdogo ameshatangulia mbele ya haki, na katika sauti yake yote dakika hizo tisa ndizo tulizonazo.

Sasa turudi kwako. Umeniorodheshea nyimbo 18 ulizompelekea rafiki yako. Nimetafuta kwenye barua nzima, ukurasa wa mbele na wa nyuma, sijaona hata wimbo mmoja aliokuletea yeye. Flashi yake uliisikiliza, mdogo wangu? Mpaka mwisho? Yule binti ametolewa karibu na bahari akapelekwa Mpanda, kule Katavi, kwa watu asiowajua. Huenda katika nyimbo zake alikuwa anakwambia jambo, akasubiri uliseme, hukulisema. Mtu wa namna hiyo akijibu "nzuri", mimi simlaumu.

Ukipanga nyingine, punguza. Nyimbo nane zinatosha. Usiweke wimbo kwa sababu wewe ndiye wa kwanza kuupata mtaani. Weka ule uliokufanya umkumbuke, na kwenye karatasi, mbele ya kila jina, andika sentensi moja: uliusikia wapi, ulikuwa na nani, nini kilitokea. Katikati tia sauti ambayo haiko kwenye wimbo wowote. Nenda kituoni Afrikana na simu yako asubuhi, rekodi konda anavyoita abiria. Shuka ufukweni, rekodi maji dakika moja. Rekodi shangazi akilalamikia stempu. Huko Mpanda hayo hayapo, na hakuna msanii atakayempelekea. Kisha muulize swali ambalo hawezi kulijibu bila kusikiliza.

Shangazi naye ana hoja, fedha ni fedha. Ila mwambie habari ya mwanamuziki Remmy Ongala, yule ambaye kituo cha Sinza kwa Remmy kinabeba jina lake. Rafiki yake mmoja aliyekuwa akirudi Uingereza alibeba kaseti yake, akaifikisha kwa waandaaji wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 Remmy na bendi yake, Super Matimila, wakaalikwa huko, na mwaka uliofuata albamu yao ikatolewa na Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel. Kaseti moja, mkononi mwa mtu aliyeipenda. Lakini nyimbo unazotuma zibaki zawadi. Ukianza kuzinakili na kuuza unakula jasho la msanii, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakukataza.

Kuhusu huyo mgeni, hapa nisikilize vizuri. Kubadilishana nyimbo na usiyemjua ni jambo zuri, nimepata marafiki wa miaka mingi hivyo. Lakini nyumba yenu asiijue. Kwetu barua nyingi zinakwenda S.L.P., na hilo likusaidie: omba ruhusa kutumia sanduku la shule, la kanisa au msikiti wenu, au la kazini kwa baba. Shangazi aione kila bahasha inayoingia. Picha usitume, namba ya simu usitoe, na siku atakapoomba hela au kuanza kukuita mpenzi, acha siku hiyo hiyo; huna deni la kumweleza kwa nini. Flashi yake usiichomeke kwenye kompyuta ya nyumbani, isije ikawa na virusi. Ichomeke kwenye sabufa tu, uisikilize.

 

Lakini hayo ya mgeni yangoje. Leo jioni chukua flashi ya Mpanda, ichomeke, kaa chini, usishike simu. Wimbo wake wa mwisho ukiisha, iache kidogo. Halafu kalamu na karatasi, umwandikie. Nami niandikie, huo wa mwisho ni wimbo gani.